Fre ya Zamani

Baudouin alikuwa na jeuri ya kipumbavu, ile ya kungoja kuitwa wakati miguu yako mwenyewe ni mizima. Eliane alipovishwa pete na Prince, mtoto wa mwenye duka la nguo mjini Mbarara, Baudouin aliihama kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akatupa laini ya simu na kujichimbia katika gereji ya Kabanda pale Kakoba. Moyoni aliapa: Eliane akimuulizia mara moja tu, hata kwa mdomo wa mtu mwingine, atarudi kambini siku hiyohiyo, asimame mbele ya mjomba wa Eliane na kumposa. Asipomuulizia, basi.

Walikuwa wamependana kwa kujificha. Mbele za watu, kanisani na bombani, Eliane alimwita "fre", yaani kaka, kwa Kifaransa chao kilichochujwa kwao Uvira, Kongo, na mashangazi wakameza bila kutafuna.

Sasa tazama balaa. Kabanda alikuwa na Datsun nyekundu ya mwaka sabini na tatu, gari la mbio la viti viwili, aliyoipenda kuliko shamba lake la migomba. Siku hizi aliikodisha kwa maharusi, na safari hii waliokodi ni kina Prince. Baudouin alipotajiwa jina la bibi harusi, spana ilimtoka mkononi.

Breki za gari zilikuwa zimekwisha. Walikwenda dukani pamoja, na muuzaji akawawekea mezani pedi za aina mbili.

"Twende na hii ngumu," Kabanda alisema. "Hii gari ni ya mbio, ssebo."

"Patron, ile ya nguvu inakamata kama imepata moto. Bibi harusi anaendeshwa polepole, fre itabakia baridi. Ku mutelemuko ya Isingiro itakataa. Tutwae ya laini."

"Laini inaisha haraka."

"Iishe. Ikamate tu ile siku moja."

Aliisema kwa ukali hata Kabanda akamtazama mara mbili, kisha akakubali. Baudouin alizibeba zile pedi kifuani hadi gereji. Alikuwa anamchagulia Eliane usalama wa kufika kwa mwanamume mwingine.

Alizifunga, akatoka na gari hadi njia ya Bwizibwera, akawa anakimbia kidogo na kupunguza, anakimbia na kupunguza, mpaka pedi zikazoeana na diski. Aliporudi alichutama kukaza gurudumu la mbele, na simu ya Kabanda ikalia.

"Ni bibi harusi," Kabanda akapaza sauti, simu ikiwa sikioni. "Anauliza, fre iko namna gani?"

Kwa Wakongo breki nayo ni fre, na Kabanda aliijua maana hiyo tu, ya gereji. Baudouin, mikono imejaa vumbi jeusi, akaumia upya. Kumbe gari ndilo analouliza!

"Umwambie asiogope! Ya zamani ilishaisha, nilitupa. Niko na mupya, ya laini, inakamata muzuri!"

Kabanda akarudia kwa Kiswahili chake kisichotofautisha mtu na kitu: "Anasema usiogope. Ile ya zamani ilisha, alitupa. Ako na mupya, laini, iko muzuri sana." Akaitazama simu. "Amekata."

Siku ya harusi Baudouin ndiye aliyeendesha, kutoka kambini hadi kanisani mjini. Viti viwili, dereva na bibi harusi. Mashangazi walifuata nyuma kwa basi dogo, roho zao kwatu, maana dereva si ni fre? Njia nzima Eliane alitazama migomba na ng'ombe. Kwenye mteremko Baudouin alikanyaga, gari likatii taratibu, hata shela halikutikisika. Aliona fahari, kisha akajichukia.

Minara ya kanisa ilipoonekana, alishindwa kunyamaza.

"Inakamata, si unaona?"

"Nilisikia," Eliane alisema. "Ya zamani ulitupa. Uko na mupya, wa laini. Nikukoseshe raha ya nini?"

"Nilitupa plaketi, Eliane. Za fre ya motokari."

Eliane akamgeukia kwa mara ya kwanza tangu Nakivale. Wanja ulikuwa umeanza kumwagika.

"Mimi nilikuulizia weye, Baudouin, walishaniambia unatumika ku ile gereji. Nilisema mu roho, akijibu haiko muzuri, navua hii pete leo."

Lango la kanisa lilikuwa mbele yao, vigelegele vimeshaanza, Prince kasimama na suti yake ya kijivu. Barabara iliendelea kupita kanisa, nyeupe na tupu, na mafuta yalikuwemo.

"Sema kitu kimoja," Baudouin alimwomba. "Sema nipite."

Eliane aliangalia kioo cha pembeni. Basi la mashangazi lilikuwa limewafikia, madirisha wazi, vichwa nje. Akajifuta machoni kwa ncha ya shela.

"Simamisha, fre," akasema.

Baudouin akakanyaga. Breki zikashika vizuri, na gari likasimama mlangoni kabisa.