Karamu Ambayo Hakuna Aliyekula

Jamani, mimi nimesoma. Nimekaa chuo cha ualimu huko Mbeya mpaka nikapewa cheti, nimefundishwa hesabu, jiografia, na namna ya kunyamazisha darasa bila fimbo. Lakini haya yaliyotokea hapa kwetu Iringa, kwenye baraza la Liwali, hakuna aliyenifundisha, na mpaka sasa kichwa kinanizunguka. Ngoja niwaambie kabla sijachanganya nani alisema nini.

Ilianza na dume langu la ng'ombe. Baba aliapa kwamba siku nikirudi na cheti anaangusha dume, mtaa mzima ule. Baba yangu, Kasian, ni Mkatoliki wa benchi la mbele, lakini kuchinja hachinji. Kwetu ukitaka majirani wote wale, wa misheni na wa msikitini, kisu unampa Mwislamu. Na kisu cha mtaa wetu ni cha Mzee Zubery mwenye bucha pale sokoni.

Basi asubuhi hiyo ukungu umeshuka mpaka huoni pua yako. Dume likaletwa kutoka mlimani, likateleza, likaporomoka korongoni puu! Baba akapiga yowe. Mzee Zubery akakunja kanzu mpaka magotini, akashuka mbio na kisu chake, akasoma Bismillahi, akachinja. Mimi nilikuwa juu ukingoni nimeshika karai. Damu niliiona. Na mkia niliuona. Huo mkia ndio ulionitia matatani, subirini.

Karamu ikawa karamu! Watu walikula mpaka mafuta yakawafika viwikoni. Fundi Mrisho, yule wa cherehani, aliramba sinia. Bwana Matano, dereva wa lori la mbao la Mafinga, aliziba mlango wetu kwa lori lake kutwa nzima, hatoki, anaita mchuzi tu. Na Bi Siwema, jirani wa Mzee Zubery ukuta kwa ukuta, alifungiwa paja zima akampelekee mama mkwe wake, Bi Mwanakhamisi, ambaye miguu haimruhusu kutembea sana.

Mambo yakatulia. Kisha mbuzi wa Mzee Zubery akala kanga ya Bi Siwema.

Kanga mpya, imeanikwa uani. Mbuzi akaitafuna, akabakiza pindo. Bi Siwema akaenda kudai, Mzee Zubery akacheka. Hapo ndipo alipokosea mzee wa watu, kucheka. Kesho yake pale bombani, Bi Siwema kaweka ndoo chini, kashika kiuno.

"Nyama ya Zubery? Mimi siitii mdomoni. Lile dume la kina Matilda lilikufa kule korongoni. Kisu kilikuta maiti! Zubery anawalisha watu kibudu."

Mnalijua neno hilo linavyouma. Mnyama aliyejifia mwenyewe, Mwislamu hamgusi, na anayemuuza kwa kujua huyo si mtu. Kufika jioni bucha ya Mzee Zubery ina nzi tu. Hata Wakristo wenzangu waliacha, ati nao wanaona kinyaa. Mzee akaja kwetu, kofia mkononi.

"Ndugu yangu Kasian, nimeshika kisu tangu nywele nyeusi. Neno hili likibaki, sina kazi, na nikifa sijui nani atanisalia. Nakwenda kumshtaki."

"Nenda," Baba akasema. "Mashahidi tele. Mtaa mzima ulikula."

Mtaa mzima! Sikilizeni sasa.

Baraza lilijaa mpaka madirishani. Liwali kakaa mbele, picha ya Malkia juu ya kichwa chake, karani pembeni na kalamu. Mzee Zubery akaeleza shitaka lake. Bi Siwema akasema ndiyo, alisema, na alisema kweli. Liwali akamwita Fundi Mrisho.

"Fundi, nyama ya ile karamu uliionaje?"

"Karamu gani, Bwana Liwali?"

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ya binti Kasian."

"Ah, ile. Nilisikia ngoma tu kwa mbali. Siku hiyo tumbo lilikuwa linanisumbua."

"Mrisho!" Mzee Zubery akageuka. "Si wewe uliyeramba sinia?"

"Labda umenifananisha, mzee mwenzangu. Warefu tuko wengi."

Akaitwa Bwana Matano. Yeye siku hiyo alikuwa Mafinga, anapakia mbao.

"Lori lako lilikuwa mlangoni kwetu!" nikapiga kelele.

"Kimya!" karani akafoka.

Akaja huyu, akaja yule. Mmoja alikuwa na homa. Mwingine alikuwa amefunga Sunna. Mwingine alipita njiani akanusa tu. Baba akaniinamia, uso umempauka.

"Mwanangu, kwani tulimlisha nani?"

Nami nikaanza kujishuku. Labda karamu niliiota! Mpaka Mama akaninong'oneza. "Huoni? Mtu akisema nilikula, halafu Liwali akaamua kilikuwa kibudu, jina lake limeandikwa serikalini kwamba ni mla kibudu. Nani anataka?" Kumbe! Hakuna hata mmoja aliyeogopa dume. Wote waliogopa kalamu ya karani.

Tukabaki mimi na Baba. Baba akasema ukungu ulikuwa mzito, hakuona. Nikaitwa mimi.

"Binti, wewe msomi. Ulimwona dume kabla ya kisu?"

"Nilimwona, Bwana Liwali."

"Alitikisika?"

"Mkia ulitikisika."

Mzee Zubery akafumba macho. "Alhamdulillahi."

Ningenyamaza hapo, jamani! Lakini mimi nikijua jambo halikai ndani, nalicheua. Nikaongeza. "Ila chuoni tumefundishwa kwamba nyama huchezacheza hata mnyama akishakufa. Kuku unamkata kichwa na bado anakimbia."

Mzee Zubery akafumbua macho, akanitazama kama mtu aliyedonolewa na kuku wake mwenyewe.

"Kwa hiyo huo mkia hauonyeshi kitu?" Liwali akauliza.

"Unaonyesha! Yaani, inategemea."

"Ulitikisika kabla ya kisu au baada?"

"Kabla. Subiri. Baada. Hapana, kulikuwa na ukungu, na kisu nilikisikia kabla sijakiona..."

"We Matilda, kaa chini!" Mama huyo, kutoka nyuma.

Bi Siwema akatabasamu, akajifunga kanga vizuri. "Mmesikia. Hata mwalimu kasema lilikuwa maiti."

"Sijasema!"

"Umesema kuku."

Nikakaa. Machozi yalinilenga. Mzee Zubery alikuwa anatazama mikono yake, na niliona wazi kwamba nimeimaliza kazi yake kwa cheti changu. Liwali akafunika kalamu yake, anataka kusema neno la mwisho.

Ndipo mlangoni pakasikika fimbo. Ko. Ko. Watu wakapasua njia. Bi Mwanakhamisi, miguu ile ile isiyotembea, anahema, buibui limejaa vumbi.

"Nani kasema mimi nimekula kibudu?"

"Hakuna aliyekutaja, mama," Liwali akasema kwa adabu.

"Wametaja nyama. Nyama hiyo mimi nimeila! Paja zima, na mfupa nikaufyonza. Nimeswali maisha yangu yote, leo uzeeni niambiwe tumboni mwangu kuna mzoga?" Akanyoosha fimbo kwa mkwewe. "Siwema. Siku ile umeniletea sahani, nikakuuliza nani kachinja. Ukanijibu nini?"

Bi Siwema akavuta kanga usoni.

"Jibu, mwanangu, usinitie haya. Ulisema, 'Kula mama, halali, mkono wa Zubery.' Na wewe ukakaa ukala na mimi. Basi dume hakufa siku ile. Kafa juzi, baada ya mbuzi?"

Watu wakaguna. Liwali akainama mbele.

"Bi Siwema, chagua moja. Ulimlisha mama mkwe wako kibudu ukijua, au umemsingizia Mzee Zubery?"

Akamtazama mumewe. Mume akatazama dari. Akamtazama mkwewe, akatazama fimbo. Kisha akalipuka.

"Mbuzi wake alikula kanga yangu! Mpya! Hata sijaivaa! Na yeye akacheka!"

Baraza zima likaangua kicheko, hata karani. Na hapo hapo, jamani, Fundi Mrisho akasimama. "Bwana Liwali, sasa nakumbuka. Nilikula." Bwana Matano naye kakumbuka. Yule wa homa kapona. Wakaanza kugombania nani alipata ini, mpaka Mama akasimama, "Lile ini lilikuwa la padri! Kumbe ni wewe, Mrisho!" Na alikuwepo mzee mmoja anasifu mchuzi wetu, naapa siku ile hakuja.

Liwali akaamua. Bi Siwema azunguke, bombani, sokoni, mpaka mlangoni mwa msikiti, aseme alisema uongo. Na Mzee Zubery, kwa kile kicheko, atoe mbuzi yule yule achinjwe mbele ya mtaa, na wa kwanza kuonja awe Bi Siwema.

Jana ndiyo mbuzi amechinjwa. Mtaa ulifika wote, hakuna aliyeumwa tumbo. Mzee Zubery akasoma dua, akanyanyua kisu, akakishusha bila kuchinja.

"Bi Siwema. Njoo ushike mkia."

"Mimi?"

"Wewe. Kisha sema."

Akashika kwa vidole, kama anashika nyoka. "Yu hai."

"Sauti, mama. Wa kule mbali Chimala hawajasikia."

Mbuzi akaruka teke, akamburuta Bi Siwema mpaka kwenye majivu, na yeye mkia hauachi. "Hai! Yu hai jamani! Hai kabisa!"

Tukala. Bucha leo asubuhi ilikuwa na foleni. Lakini mimi nilikuwa bado na dume langu rohoni, nikamfuata Mama jikoni.

"Mama, kweli, ule mkia. Ulikuwa kabla au baada?"

Mama akaendelea kuchambua mchele. "Nyama ulikula, hukula?"

"Nilikula."

"Basi alikuwa hai. Na hayo ya kuku, kawafundishe watoto wa watu, hapa usiyarudie."