Nadège Anaomba Ukubwa

Nadège alikuwa muuguzi, msaidizi wa mkuu wa kituo kimoja cha afya katika mtaa wa Nyakasanza, na kwa miaka kumi na mmoja aliamini kwamba anayefanya kazi vizuri ataonekana tu. Kuomba ukubwa, yaani cheo, kwa mdomo wako mwenyewe, kwake, ilikuwa aibu, sawa na mgeni kujipakulia nyama. Basi mkuu wake, Mathieu, alipohamishwa kwenda Niania, Nadège alifua koti lake jeupe, akalipiga pasi, akangoja kuitwa.

Wiki tatu zikapita, simu kimya. Na si mara ya kwanza. Miaka sita iliyopita kiti hicho hicho kilikuwa wazi, akangoja vilevile, wakubwa wa afya wakamletea Mathieu, kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kupanga chanjo ndani ya friji. Mathieu hakuwa na ubaya. Waliomchagua ndio ambao hakuwasamehe.

Jumatano Mama Godelive, mkunga mstaafu, alikuja kupimwa presha, akamkuta amenuna.

"Uliandika barua ya kuomba?" aliuliza, mkono ungali umefungwa kipimo.

"Mama, bananiyua pale ku biro ya zone ya afya. Raporo yote ya mwezi ni miye natengenezaka."

"Na nani anatiaka jina na sinyatire pale chini?"

"Mathieu."

"Basi banayua Mathieu. Sikiliza, binti yangu. Miye nilingojaka ukubwa ya maternité mpaka nikaupata mwaka moja tu mbele ya pension. Andika. Usilie huruma ndani ya barua, sema kazi yenye ulifanya. Usiitume na mutu, peleka weye mwenyewe. Na usitoke pale bila bakupigie cachet, muhuri ya kupokea, ku kopi yako."

"Bataniona na kiburi."

"Bakuone. Sasa hii habakuoni hata kidogo."

Presha ya mama ilikuwa nzuri kabisa. Ya Nadège ndiyo ilipanda.

Jioni aliandika. Mumewe, Néhémie, aliisoma barua, akauliza kwa nini hakutaja kwamba surua ilipozuka kwa wakimbizi wa Djugu, yeye ndiye aliyesimamia chanjo katika uwanja wa kanisa. Alikuwa amesahau kweli. Akachukua karatasi nyingine, akaanza upya.

Alhamisi asubuhi alikuwa mbele ya Docteur Tharcisse, mkubwa wa zone ya afya. Daktari alisoma polepole, akarudia.

"Na bwana yako anasema nini, Mama Nadège? Hii kazi iko na taabu mingi."

"Docteur, samahani. Mathieu naye, mulimuulizaka bibi yake anasema nini?"

Daktari akakuna shingo. "Hapana."

"Bwana yangu anasema nilisahau kuandika mambo ya surua. Ndiyo iko pale chini."

Daktari alitabasamu, akapiga muhuri kwenye kopi aliyokuja nayo, akamrudishia. Halafu akabaki anamtazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

"Kesho tulikuwa tunaweka mutu wa kutoka Aveba ku ile kiti. Juu ya nini ile mwaka tuliweka Mathieu haukuandika?"

"Nilizani munaniyua. Na nyuma nikazani mulinikataa."

Daktari alisimama, akafungua kabati, akatoa faili ya maombi ya mwaka ule na kuigeuza upande wa Nadège. Ndani mlikuwa na barua moja tu, ya Mathieu, nusu ukurasa, tena yenye makosa.

"Tungekukataa namna gani? Tulingojea yako. Tukasema, pengine huyu mama hataki."

Nadège aliisoma ile barua mpaka mwisho. Miaka sita amewakasirikia watu ambao hawakumkataa. Kanisani aliwahi hata kukwepa mkono wa huyu daktari. Uchungu ulimpanda, kisha kicheko kikaupita njiani, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitenge, na daktari naye akacheka bila kujua sababu.

Jumatatu uteuzi ulitoka, na jina lilikuwa lake. Alifurahi waziwazi, akanunua soda, akazipeleka kwa Mama Godelive yeye mwenyewe. Mama alikunywa ya kwanza bila haraka, akaweka chupa chini.

"Mungu asifiwe. Na kiti ya superviseur, ule mukubwa wa kukagua vituo yote ya zone, itakuwa wazi lini?"

"Mwezi wa tisa," akajibu Nadège. "Niliuliza tayari."