Mawe Mkiani

Kwa saa nzima na dakika kumi za safari ya kwenda, rubani mkuu hakumwambia rubani msaidizi neno lolote ambalo halikuandikwa kwenye orodha ya ukaguzi. Alisoma mstari, mwenzake akajibu, basi. Mhudumu alipoleta chai, alipokea kikombe chake akageukia dirisha la upande wake, kana kwamba kiti cha mwenzake, upande wa kulia, kilikuwa kimewekewa begi.

Wawili hawa walikuwa mashemeji. Rubani mkuu alikuwa amemwoa dada wa huyu msaidizi, na ndiye aliyemfundisha kusoma ramani za anga kwenye meza ya chakula nyumbani kwao, msaidizi akiwa bado binti wa chuo. Kisha, mwaka juzi, rubani mkuu alipuuza onyo la ukungu, akang'ang'ania kusubiri angani, akatua na mafuta ambayo yasingemtosha kuzunguka uwanja mara moja zaidi. Msaidizi alikuwa kando yake siku hiyo, na jioni ileile aliandika ripoti. Shemeji yake akasimamishwa miezi minane. Aliporudi kazini kichwa kilikuwa kimejaa mvi, na vijana wa ofisini walikuwa wameshambatiza jina la Bwana Tone, kwa lile tone la mafuta alilotua nalo, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Dada mtu alimpigia mdogo wake simu mara moja tu, kumwambia asikanyage tena kwake. Hakukanyaga. Na leo walikuwa pamoja kwa sababu tu rubani mwingine aliamka na homa.

Uwanja walioufikia ulikuwa ukanda wa lami juu ya tambarare ya mawe, mbali na kila kitu isipokuwa mgodi. Palikuwa na jengo moja la bati, mzani wa sakafuni, tangi la mafuta, na nguzo yenye mfuko wa kuonyesha upepo. Taa za njia hazikuwepo, kwa hiyo ndege isiyoondoka kabla ya jua kuzama ililala hapo. Kipimajoto kilisoma nyuzi thelathini na nane. Kwenye joto la namna hiyo hewa huwa nyepesi, injini zinachoka, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi ndipo inyanyuke.

Ndege yao ilikuwa jeti ndogo ya viti hamsini, mizigo ikipakiwa nyuma, karibu na mkia. Msaidizi alishuka kuizunguka na kuikagua kama kawaida. Alipofika kwenye mguu wa mbele akasimama. Chuma chake king'aavu, ambacho kwa kawaida huonekana kwa upana wa vidole vitatu, leo kilikuwa wazi kiganja kizima. Pua ilikuwa imepanda. Maana yake ni kwamba mkia umebeba kitu.

Alikwenda nyuma, akamwambia mpakiaji afungue mlango aliokuwa ndio kwanza ameufunga. Nyuma ya mabegi ya abiria palikuwa na masanduku ya mbao yenye vishikio vya kamba. Alivuta moja. Halikutikisika. Kwenye fomu ya mizigo kulikuwa na mabegi arobaini na moja tu, na chini yake sahihi ya shemeji yake, wino umekauka kitambo.

Meneja wa kituo, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno laini, alimweleza kwamba hayo yalikuwa mawe ya sampuli kutoka mgodini, yanatakiwa maabara kesho asubuhi, na kwamba hata marubani wa wiki iliyopita waliyachukua bila kelele. Msaidizi akamjibu kuwa hajali ya wiki iliyopita. Meneja akatabasamu, akampita, akapanda ngazi kwenda kwa mwenye mamlaka. Msaidizi alimfuata.

"Fomu nimeshaisaini," alisema rubani mkuu bila kugeuka.

"Fomu haina masanduku."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Yapimwe."

Hapo ndipo alipomgeukia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yalikuwa mekundu. "Mwaka juzi nilinyamaza," alisema. "Ukinichelewesha leo halafu ikaonekana umekosea, sinyamazi."

"Nikikosea, niandike."

Rubani mkuu akasema akayapime basi, yeye mwenyewe, na abiria nao akawaambie yeye mwenyewe. Akafungua gazeti.

Abiria arobaini na wanane walikuwa wamejazana chini ya bati, wengine wakijipepea kwa tiketi. Meneja hakumwachia msaidizi nafasi ya kusema. Alitangaza mwenyewe, kwa huzuni ya kuigiza, kwamba ndege ni nzima, rubani mkuu yuko tayari, ila dada huyu ana wasiwasi wake. Chumba kizima kikamgeukia. Mwanamume mmoja mwenye miwani ya jua akasema alijua tu, tangu alipomwona akishuka kwenye ngazi. Mwingine akauliza kama hakuna rubani mwingine wa kuendesha. Watu wakacheka, kicheko kikavu cha watu wenye kiu.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa amefunga kitambaa cheusi kichwani na hakuwa na mzigo wowote isipokuwa pochi. Alimsogelea msaidizi karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama yangu anazikwa saa kumi na moja. Na wewe unataka kupima mawe."

Msaidizi alimpa pole. Mwanamke akamwambia pole yake akae nayo.

Masanduku yaliteremshwa moja moja. Wapakiaji walifanya kazi kwa makusudi ya kuchelewa, wakiyakokota na kuyabwaga mzanini kwa kishindo, na kila kishindo abiria waliguna. Msaidizi alipiga magoti kwenye sakafu ya moto akiandika. Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Arobaini na tatu. Yalikuwa kumi na sita, na jumla yake kilo mia sita hamsini na mbili ambazo hazikuwa kwenye karatasi yoyote. Akafungua kitabu cha majedwali, akatafuta joto, akatafuta urefu wa njia, akahesabu mara mbili kwa sababu jasho lilikuwa likidondokea kalamu. Jibu lilikuwa lilelile. Wakiwa na mawe, lami ingewaishia.

Alipoinua kichwa, shemeji yake alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amemsikia akishuka. Alikuwa akisoma hesabu juu ya bega lake, midomo ikichezacheza kama mtu anayejumlisha kimoyomoyo.

Meneja naye aliona, akaja haraka na suluhisho. Aliongea na rubani mkuu tu, wanaume kwa wanaume. Alisema mawe hayawezi kubaki, mgodi ungemkaanga. Lakini ndege ilikuwa imejaza mafuta mengi kuliko umbali wa safari. Si yangepunguzwa kidogo? Kilo mia sita tu, wakaondoka wote kwa amani.

Msaidizi hakuthubutu kumtazama mtu yeyote.

"Mafuta hayaguswi," alisema rubani mkuu. "Mawe yanabaki."

Meneja akaanza kusema kwamba atampigia simu mkuu wa kampuni. Rubani mkuu akamwambia apige, na akimpata amweleze pia ni nani aliyeandika fomu ile. Meneja hakupiga. Akaenda kuwafokea wapakiaji.

Wakipanda ngazi, rubani mkuu alisema nyuma ya kisogo cha msaidizi, "Usidhani nimekutetea."

"Sijadhani."

Waliwasha injini saa kumi kasoro dakika ishirini. Rubani mkuu ndiye aliyeshika usukani. Ndege ilianza kukimbia, msaidizi akitaja mwendo kwa sauti kadiri mshale ulivyopanda, na ulikuwa ukipanda kivivu. Walipopita mwendo ambao baada yake ndege haisimamishwi tena, kisulisuli cha vumbi kilichotoka mgodini kikavuka lami na kuwapiga kutoka nyuma. Mshale ukasimama, kwa kuwa upepo wa nyuma huiibia ndege mwendo. Sekunde moja, mbili. Mwisho wa njia ukawa unakuja na uzio wake na lundo la kokoto nyuma yake. Rubani mkuu hakuuvuta usukani kabla ya wakati. Alisubiri, shingo imemkakamaa, mpaka msaidizi aliposema inua, naye akainua. Magurudumu yaliachana na lami mahali ambapo mistari myeupe ya mwisho ilikuwa imeanza. Uzio ukapita chini yao, karibu kiasi cha kuonekana nguo iliyonaswa kwenye waya.

Walifika juu ya mawingu.

"Niliisaini bila kushuka kuangalia," alisema rubani mkuu. "Kila nikichelewa dakika tano ofisini wananiangalia kama mgonjwa. Nikaona bora niwahi."

Msaidizi alikunja orodha ya ukaguzi.

"Utaandika, shemeji?"

Tangu mwaka juzi hakuwa amemwita hivyo. Msaidizi alijua kwamba kama angesema hapana, huenda mlango wa dada yake ungefunguka kesho.

"Nitaandika."

"Nilijua," alisema, na chuki ikarudi usoni mwake mahali pake, nzima.

Walitua saa kumi na moja kasoro dakika tano. Msaidizi alisimama mlangoni kuwaaga abiria, kwa kuwa ilikuwa zamu yake. Mwenye miwani ya jua alipita akitazama simu yake. Mwanamke wa kitambaa cheusi alikuja wa mwisho. Makaburini palikuwa mwendo wa saa nzima kwa gari, na wote wawili walilijua hilo.

"Sitakusahau," alisema mwanamke, na hakuwa akimshukuru.

Ripoti ilijaa ukurasa mmoja na nusu. Msaidizi aliiandika kwenye chumba cha marubani, shemeji yake akiwa amekaa kitini mwake bado, koti magotini. Alipomaliza akampa aisome. Alisoma taratibu, akachukua kalamu, akasahihisha saa ya kusaini fomu ambayo msaidizi aliikosea kwa dakika kumi kwa manufaa ya rubani mkuu, kana kwamba alisaini kabla masanduku hayajapakiwa. Kisha akasaini chini na kutoka bila kuaga.

Meneja wa kituo aliondolewa kabla ya mwezi kuisha. Rubani mkuu alipewa onyo na wiki tatu za kukaa nyumbani. Katika wiki ya pili dada mtu alipiga simu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama ni kweli mumewe aliisaini ripoti mwenyewe bila kulazimishwa. Mdogo wake akasema ni kweli, na kwamba aliisahihisha hata pale ilipompendelea. Dada akasema chakula kinaungua jikoni, akakata; safari hii hakurudia lile la kutokanyaga kwake.