Ukuta Unaokula Chokaa

Jana jioni Dada alikuwa ameupaka tena chokaa ukuta wa mbele, na asubuhi akakuta maneno yamerudi kukaa palepale, meusi kama masizi ya sufuria: NYUMBA HII HAIUZWI.

Akatua ndoo, akaketi kizingitini, magoti yakalia kama bawaba. Mji mzima ulimwita Dada, hata waliomzidi umri, maana ndivyo wadogo zake walivyomwita, na wadogo zake walikuwa jeshi. Wote walishaondoka. Lami iliishia mbali huko, basi lilikuja lilipojisikia, na upepo wa bahari ulikula mabati, misumari, hata subira. Yeye ndiye aliyebaki kufagia mchanga ambao uliingia tena kabla hajauegemeza ufagio.

Sasa binti yake kule bara alikuwa amemwekea chumba: kitanda, dirisha, na hakuna cha kufagia. Kilichobaki ni nyumba ipate mtu. Ndugu wote waliridhia. Aliyekataa ni ukuta.

Mnunuzi wa kwanza aliusoma, akamtazama dalali, akasema, "Mimi sinunui kesi," akaenda zake hata maji hakunywa. Leo mchana angekuja mwingine, mkunga mstaafu. Huyu naye akikimbia, basi tena.

Dada akampigia simu mdogo wake, fundi rangi, ambaye kila mtu alimwita Brashi.

"Kitendawili!"

"Dada, niko juu ya ngazi."

"Kitendawili, nimesema."

"Haya, tega."

"Kila jioni namvisha nguo nyeupe, kila asubuhi namkuta uchi."

"Mtoto mchanga."

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua huohuo wenu. Nani mwingine anautaka?"

Dada akacheka bila kupenda, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Ni ukuta wa baba yako, mtundu wewe. Uliandika kwa rangi gani ile, inameza chokaa kama uji?"

Brashi akashuka ngazi kwanza. "Nilitia lami."

"Lami! Ya nini?"

"Si wewe? Baba mdogo alipotaka kuiuza kwa siri, kaburi la baba halijakauka, ulinishikia ngazi ukasema, 'Andika yasifutike hata bahari ikipanda.' Nikaandika. Lami haifichiki, Dada. Labda uubomoe."

Akakumbuka. Siku ile alikuwa na nguvu za kushika ngazi na kugombana na baba mdogo kwa wakati mmoja. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akakata simu.

Mkunga alifika viatu mkononi, mchanga hadi magotini. Dalali alikuwa ameshatangulia, akauegemea ukuta kwa mgongo, mikono kaitanua kama anayekausha shati.

"Toka hapo, mwanangu, unachafuka," mkunga akamwambia.

Dalali akatoka, mgongo mweupe pe. Mkunga akasoma taratibu, kisha akamgeukia Dada.

"Ukuta unasema haiuzwi. Wewe unasema inauzwa. Nimwamini nani, mwenzangu?"

Dada alikuwa amepanga maneno mazuri, yote yakamkimbia. "Niliyaandikisha mimi, nilipokuwa na magoti. Alitaka kuiuza asiye na haki. Leo tunauza wenyewe. Ndugu zangu wapo kwenye simu, waulize mmoja mmoja. Nimechoka tu, mama. Hakuna kingine."

Mkunga akaingia. Wakamsikia akifungua madirisha, akigonga kuta kwa kidole kama anayepima tumbo la mja mzito. Alipotoka akauliza, "Paa linavuja?"

"Linavuja."

"Na mchanga?"

"Hauishi."

"Jamani!" dalali akajishika kichwa. "Mama, unauza au unafukuza?"

Mkunga akacheka. "Nina watoto watano, na kila mmoja ana rafiki dalali. Nikisinzia tu wameshaniuzia kwangu. Nyumba naichukua. Ila chokaa yako ikomee hapo. Hayo maneno nayataka."

Dada akauangalia ukuta. Siku zote hizo alikuwa akiyafukuza maneno yale kama mpangaji asiyetaka kutoka, kumbe yalikuwa yakimngoja mwenyewe. Alitarajia kifua kishuke. Kilishuka, lakini polepole, kama mzigo ambao kichwa kimeshauzoea.

Kwa mazoea akanyoosha mkono kuuchukua ufagio mlangoni, maana nyayo za mgeni zilikuwa zimejaza mchanga ukumbini.

"Acha," mkunga akamwambia, akimshika kiwiko. "Huo sasa ni mchanga wangu."

Dada akauacha ufagio. Mikono ikabaki inaning'inia. Hakujua aiweke wapi.