Anwani za Nyumba Nyingine

Bibi harusi haruhusiwi kugusa kitu hina ikiwa haijakauka. Hata bibi harusi ambaye ni fundi wa mitandao. Nilikaa chumbani viganja juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, nikipiga kelele kupitia mlangoni.

"Sumayiya! Inasema nini sasa?"

"Imekamata netiweki, dada, mistari yote iko. Lakini baba hapatikani!"

Sumayiya ni binamu yangu, muuza vitenge, na ndiye niliyemkabidhi kompyuta. Baba yangu, Mzee Nasser, analinda ghala huko Doha. Msimamizi wake alimpa nusu saa tu ya kuniozesha kwa video, na dakika kumi na nane zilishakwenda. Sebuleni Shehe Tamim alikuwa anatazama saa. Hafungi ndoa mpaka amwone walii, yaani baba mwenye kuniozesha, kwa macho yake na amsikie akitamka. Na data ya simu, kwetu hapa bondeni chini ya kilima cha Naguru, hata ujumbe haipeleki. Nikamwazia Dawudi, bwana harusi wangu, huko sebuleni ndani ya kanzu yake, akianza kudhani nimegeuza nia.

"Umezima ruta ukawasha?"

"Mara mbili, banange!"

"Nisomee anwani ya kompyuta."

Akasoma taratibu. "Moja tisa mbili, moja sita nane, sifuri..."

"Sifuri? Soma tena!"

"Sifuri, dada. Mimi si kipofu."

Ruta yangu hugawa anwani zenye moja mahali pa sifuri hiyo, niliipanga mwenyewe. Kompyuta ilikuwa imepewa namba ya nyumba nyingine, inabisha hodi mahali pasipo na mtu. Maana yake humu ndani kuna ruta ya pili inayogawa anwani, na inawahi kujibu kabla ya yangu.

Sifuri ilikuwa ya ruta yetu kuukuu. Wiki iliyopita, nilipofunga mpya sebuleni, niliitoa ile chumbani kwa Haboba, mama yake baba, nikaitia kwenye boksi chini ya kitanda chake. Mpya haifiki kule, kwa hiyo niliahidi kumvutia mtandao kabla ya harusi. Kwa mambo ya mshonaji na wapishi, nikasahau.

Hina au si hina, nikakimbia.

Haboba, ambaye miguu haimfikishi tena sebuleni, alikuwa kitandani na nguo yake mpya, tableti mapajani. Ruta kuukuu iliwaka mezani, waya wake wa mtandao umechomekwa kwenye tundu la ukutani linalounganisha na sebuleni.

"Nimefanya kama ulivyonifundisha," akasema. "Nimechomeka, nimengoja taa ya kijani. Lakini leo mwanangu hataki kuja. Nimemkosea nini?"

Niliona aibu. Nikachomoa waya, vidole vikaacha alama za hina ukutani.

"Sumayiya! Zima Wi-Fi, washa tena. Soma!"

"Moja sita nane... moja! Anaita, dada! Baba huyu hapa!"

Zilibaki dakika saba.

"Mwambie shehe angoje. Leteni kiti, tumbebe Haboba."

"Dada, muda!"

"Leteni kiti!"

Tulimbeba wanne, tukamweka mbele kabisa ya kompyuta. Baba alikuwa ameshafungua kinywa kutamka maneno ya nikahi. Akamwona, akayasahau yote.

"Mama," akasema. "Umekonda."

Shehe akakohoa. Baba akafuta macho kwa mkono wa sare yake, akaniozesha haraka haraka, Dawudi akakubali. Dakika zilizobaki alimpa mama yake, wala hakuna aliyethubutu kuwakatiza.