Picha Yenye Chenga

Daktari Nonomura hapendi picha yenye chenga. Anataka ini laini kama tofu na figo zilizochorwa kwa kalamu, na asipozipata hununa mpaka saa ya chakula. Kwa hiyo asubuhi ile ya theluji, Bi Orie Kuwabara, mpiga picha za mionzi, alipompigia simu kutoka chumba cha CT scan kumwambia anataka kupunguza mionzi hadi theluthi, alijua fika kwamba anachokoza nyuki.

"Theluthi? Bi Kuwabara, mimi nasoma picha, sisomi uji!"

"Daktari, mtoto ana miaka kumi na saba, na hii ni skani yake ya saba. Ugonjwa wake wa utumbo hauponi, atarudi tena na tena. Tutammiminia mionzi mpaka lini?"

"Na nisipoona usaha? Homa inapanda, ultrasaundi imeona gesi tupu. Usaha ukiwepo anapasuliwa leo leo. Nisipoona utarudia, na hapo utakuwa umempiga mara mbili."

"Jipu la tumboni si sindano, daktari. Utaliona hata kwenye ukungu. Nikikosea, lawama ni zangu."

"Zako kweli," akasema, akakata simu.

Orie akaweka simu chini. Miaka ishirini na sita kazini, hajawahi kubishana na daktari namna ile.

Mgonjwa mwenyewe, Chitose, alikuwa amelala tayari, mikono juu ya kichwa, kakonda mbavu zinahesabika. Bibi yake, Fusae, alisubiri nje kwenye benchi. Orie akapiga picha ya awali, ile hafifu ambayo mashine huitumia kukisia unene wa mtu na kujipangia mionzi yenyewe. Lo! Upande wa kulia wa tumbo palikuwa na kitu cheupe pe, cha pembe nne. Mashine nayo, kwa ujinga wake, ikadhani ni nyama nene, kipimo cha mionzi kikapanda. Orie akasimamisha kila kitu, akaingia ndani.

"Chitose, umevaa nini tumboni?"

"Sina chuma mimi. Nimevua vyote, hata kibanio cha nywele."

Orie akafunua gauni. Chini yake akakuta mkanda wa sufu wa kukinga tumbo baridi, na ndani ya mkanda pakiti ya joto imebandikwa, bado ya moto.

"Bibi kanibandika ndani ya gari. Kasema nisiivue hata kwa mtutu."

Bibi Fusae akaitwa mlangoni. "Ala! Kwani hicho nacho ni chuma?"

"Ndani ni unga wa chuma, bibi. Ndio unaotoa joto."

"Masalale! Kumbe miaka yote hii nambandika mjukuu wangu chuma!"

Chitose akaangua kicheko, kisha akajikunja kwa maumivu. "Bibi, usinichekeshe, nitakufa!"

Orie akaibandua, akalirekebisha tumbo likae katikati ya mashine sawasawa, akapiga upya picha ya awali. Safi. Akashusha mionzi kama alivyokusudia, akamwambia mtoto avute pumzi na kuishikilia.

Picha zikaja na chenga tele, ini kama limenyunyiziwa ufuta. Orie akaziangalia, akamtumia daktari. Baada ya robo saa daktari akashuka mwenyewe, jambo asilolifanya, akawakuta wote watatu ukumbini.

"Mbaya," akasema. "Sijawahi kusoma picha mbaya kama hizi. Lakini nimezipitia mara tatu. Utumbo umevimba tu, usaha hakuna. Hapasuliwi." Akamgeukia Bibi Fusae. "Mshukuruni huyu. Ningesikilizwa mimi, mtoto angekula mionzi mara tatu ya hii, na jibu lingekuwa lile lile."

Bibi akainama nusura paji liguse magoti. Orie naye akainama, machozi yakimlenga, akimshukuru moyoni yule mkaidi kwa kusoma mara tatu badala ya kuamuru irudiwe.

Chitose hakuinama. Alikuwa akimkodolea macho Orie.

"Nilikusikia kwenye simu. Ulijua kwamba hii ni ya saba?"

"Nilisoma faili lako kabla hujafika."

"Kila nikiuliza naambiwa nisijali." Akamsogelea. "Nilidhani nahesabu peke yangu."

Akaushika mkono wa Orie kwa mikono yake yote miwili, akasema asante, na hakuuachia mpaka bibi yake alipomkumbusha kuvaa koti.