Siku Mbili za Kutafakari

Tak Man-seop aliingia benki saa tatu asubuhi akiwa na nyundo yake ya kazi chini ya koti. Miaka thelathini na nne alichomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli kisiwani Geoje, Korea Kusini, na nyundo ile ndiyo aliyokuwa akibandulia ukoko wa chuma kilichochomelewa. Wahenga walisema hasira hasara. Yeye hasara alikuwa nayo tayari, hasira ndiyo aliyoiongeza njiani.

Mkewe, Bong-nye, alimfuata nyuma akihema. "Baba Yun-mi, turudi nyumbani, nakuomba."

"Nyamaza! Leo utaona mwizi anavyolia."

Hakuchukua hata namba ya foleni. Mlinzi alimshika bega kwa adabu, akala kiwiko cha pua, akaketi sakafuni damu ikimchuruzika mpaka kwenye vifungo vya shati. Akina mama waliokuwa foleni wakapiga kelele na kukimbilia mlangoni. Man-seop akaenda moja kwa moja hadi meza ya Seong Ki-ho, afisa kijana aliyemhudumia miaka mitatu iliyopita na kumkaribisha chai ya shayiri.

"Baba, karibu, habari za..."

Nyundo ilitua chini ya shingo, kwenye mtulinga, na kila aliyekuwa ndani alisikia mfupa ukikatika. Seong akaanguka pamoja na kiti chake.

"Nilikuletea kiinua mgongo changu chote! Won milioni mia mbili! Zimerudi ngapi?"

"Tisini na moja, baba."

"Usiniite baba!" Akampiga teke la mbavu, kisha jingine.

Pesa zile hapo mwanzo zilikuwa kwenye amana ya muda maalumu, zikizaa riba ndogo lakini zikilala salama. Shida ni kwamba jirani yake alikuwa akipata zaidi, na Man-seop hakuwa mtu wa kupitwa na jirani. Akazihamishia kwenye mpango uliofungamanishwa na soko la hisa la ng'ambo, faida asilimia sita kwa mwaka. Faida ya kwanza ilipoingia alimnunulia mkewe jino la bandia, kwa kuwa la mbele lilikuwa limevunjika. Alimtembeza mtaa mzima, akisema, "Hebu cheka, mama, wakuone!" Kisha soko likaporomoka, na wiki iliyopita, muda ulipotimia, zaidi ya nusu ya pesa ilikuwa imeyeyuka.

"Ulisema mtaji una dhamana!"

"Sikusema hivyo, ba... mzee."

Man-seop akamkanyaga kifundo cha mkono, akaishusha nyundo kwenye vidole. Viwili vikapinda upande ambao vidole havipindi. Seong alilia kwa sauti ya mtoto.

"Sema mbele ya mke wangu kwamba ulinidanganya. Sema tu, nikuache uende hospitali."

Hicho ndicho alichokijia. Pesa alijua hazirudi. Miaka mitatu alikuwa ndiye mjanja wa nyumba, na tangu wiki ile hakuweza kula wali mezani huku mkewe akimtazama. Alitaka awe ameibiwa, basi. Na mimi nakwambia wengi wetu tungesema lolote, hata kwamba tumemwibia na mama yake, alimradi nyundo ikae mbali. Seong hakusema. Alijivuta mpaka kwenye meza, akanyoosha mkono mzima kuelekea kompyuta.

"Imerekodiwa," alisema, mate na damu vikimtoka. "Kila mteja wa miaka sitini na mitano kwenda juu tunamrekodi. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza. Sauti yake ya miaka mitatu iliyopita ikajaa ukumbini, taratibu, ya mtu anayemfundisha babu yake. "Mtaji ni ile pesa unayoweka, baba. Faida ni kinachozaliwa. Hapa mtaji hauna dhamana. Soko likishuka chini ya nusu na lisiinuke, hasara ni yako. Umeelewa?"

Ikafuata sauti ya Bong-nye, ya woga. "Samahani, mwanangu. Likishuka hivyo, sisi uzeeni tutakula nini?"

Na mara ikaja ya Man-seop, nene, yenye kicheko. "Wewe unajua nini zaidi ya kabichi? Usinitie aibu. Kijana, leta kalamu."

Ukasikika mkwaruzo wa kalamu. Ndipo alipokuwa akipitisha wino juu ya maneno ambayo Seong alikuwa amemwandikia kwa penseli, kama desturi ilivyo kwa wazee: nimeelezwa na nimeelewa.

"Una siku mbili za kutafakari, baba. Ukibadili nia, piga simu tu, tunafuta."

Man-seop alishusha nyundo juu ya kompyuta. Kioo kikaruka, akapiga tena na tena mpaka meza ikapasuka na kiganja chake mwenyewe kikachanika. "Wamechezea sauti!" alifoka, akimgeukia mkewe. "Mama Yun-mi, waambie! Ulikuwepo!"

Bong-nye alikuwa amepiga magoti, akivifunga vidole vya Seong kwa skafu yake. Akainuka. Hakupaza sauti.

"Nilikuwepo. Na zile siku mbili, ambazo hakuna aliyerekodi, nilikuwepo pia. Nilikwambia tupige simu. Nilikuwa nimeshaishika."

Akaingiza vidole kinywani, akalitoa lile jino, akaliweka mezani katikati ya vipande vya kioo. Pengo likaonekana.

"Ukanijibu kwa ngumi. Basi, faida yako hii. Chukua."

Akarudi kwa kijana, akaendelea kumfunga mkono.

Polisi walipoingia walimkuta Man-seop ameketi kwenye kiti cha wateja, nyundo iko sakafuni, jino kiganjani. Walipomwambia anyooshe mikono watie pingu, hakutaka kulifumbata wala kulitupa, na ikabidi askari mmoja alichukue na kumuuliza ni la nani.